Ndulele za Baba Kichonge

Paukwa!

Pakawa!

Nimewasikia watoto. Wakubwa je? Mmekaa huko nyuma mmefumbata mikono kama mashahidi walioitwa mahakamani. Hadithi hii ni yenu. Watoto wamekuja kuwasindikiza tu. Haya tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa tumekutana. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko mvua, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na uwanja. Uwanjani palikuwa na mchezo.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anarusha ndulele, lile tunda chungu la porini. Mwingine ameshika rungu. Ndulele inakuja, fyuu! Mwenye rungu anaipiga, ta! Akiipiga anakimbia, anazunguka kichuguu, anarudi kabla haijaokotwa. Asipoipiga, amepunga upepo. Na upepo haujawahi kumshukuru mtu.

Mwalimu wa watoto alikuwa Nyegere. Mnamjua Nyegere. Mfupi, mgongo mweupe, ngozi ngumu. Anaingiza kichwa kwenye mzinga, nyuki wamo, naye anakula asali taratibu. Simba akipita njia moja naye, anayesema "samahani" ni simba. Nyegere aliogopa kitu kimoja tu duniani. Aliogopa wazazi.

Na wazazi walikuja. Kila mazoezi walikuja. Walikaa kwenye nyasi kando ya uwanja, wakatazama. Walichokiona hakikuwapendeza. Watoto wamekaa chini. Hawana rungu. Tumbili anarusha ndulele, fyuu! Nyegere anauliza, "Imepita wapi?"

"Juu!" watoto wanajibu.

Fyuu! "Na hiyo?"

"Chini!"

Fyuu! "Hiyo mngeipiga?"

"Hapana, Mwalimu! Hiyo tungeiacha iende kwao!"

Leo hivyo. Kesho hivyo. Mwezi ukaandama, hivyo hivyo.

Miongoni mwa wazazi alikuwepo Ngiri. Mwanawe aliitwa Kichonge, kwa hiyo bonde zima lilimwita Baba Kichonge. Baba Kichonge akashindwa kuvumilia. Akasimama. Mkia nao ukasimama, wima, kama mlingoti wa bendera.

"Mwalimu, habari za kazi?"

"Nzuri kidogo," akasema Nyegere. Alijua mbaya iko njiani.

"Mwanangu nimemleta apige. Naona anatazama."

"Anatazama kwanza. Kupiga baadaye."

"Baadaye lini?"

"Akishajua kuona."

"Kuona! Ana macho mawili tangu azaliwe!"

"Na miguu alizaliwa nayo, Baba Kichonge. Mbona mlimfundisha kutembea?"

Wazazi wengine wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka wako upande gani, wakaacha.

"Wa ng'ambo ya mto wanakuja kucheza nasi msimu huu," akasema Baba Kichonge. "Msimu huu! Si wakati wa wajukuu zangu!"

"Msimu huu atakosa. Msimu ujao atakosa kwa akili. Wa baada ya hapo, tutaona."

"Mnasikia jamani? Atakosa kwa akili!"

"Mimi wangu ni wengi," akadakia Mama Kanga, na vifaranga vimemzunguka. "Kama ni kungoja mmoja mmoja aone, nitazeeka hapa hapa kwenye nyasi."

Baba Kichonge akaenda zake. Lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Tumbili.

"Tumbili ndugu yangu. Jioni njoo kwangu umrushie mtoto. Mrushie taratibu. Mrushie palepale, usawa wa tumbo. Na uchague zilizoiva. Karanga zipo."

Tumbili ana kasoro nyingi, lakini kukataa karanga si mojawapo.

Sasa, watoto, ndulele mbichi ni ndogo, ya kijani, ngumu kama kokoto. Ndulele iliyoiva ni ya manjano, imenenepa, imelegea. Hata mwenye usingizi anaiona. Tumbili akarusha, taratibu, palepale. Kichonge akazungusha rungu. Pwaa! Tena, palepale. Pwaa! Tena. Pwaa! Mbegu zikaruka, maji yakaruka, na mkia wa Baba Kichonge ukaruka.

"Majirani! Njooni muone! Hajakosa hata moja!"

Mama Kichonge akatoka, akatazama. "Baba Kichonge, mbona huyu Tumbili anarusha kama anayemlisha mgonjwa uji?"

"Mama Kichonge, tuachie wenye utaalamu."

Habari zikafika kwenye Kamati. Bonde lilikuwa na Kamati, bonde gani halina? Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Kwa kuwa mwenyekiti hakupenda kutoka majini, wajumbe walisimama ukingoni, wenye shingo fupi wakijuta kwa kutomwona. Katibu alikuwa Karani Tamba, yule ndege mwenye manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa masikioni. Alipita huku na huku akionekana ana kazi.

"Ajenda?" akauliza Kiboko.

"Matokeo, Mheshimiwa."

"Yako wapi?"

"Ndiyo ajenda yenyewe, Mheshimiwa. Hayapo."

Nyegere akaitwa. "Mwalimu," akasema Kiboko, "watoto wako tayari?"

"Bado."

Kiboko akazama. Bwu, bwu, bwu. Wajumbe wakangoja. Kiboko akaibuka, jani limemkaa kichwani.

"Kamati imelipokea neno 'bado'. Imelitafakari. Imeona halina tarehe. Tumearifiwa yupo mtoto ambaye hajawahi kukosa. Mtoto huyo ataanza kupiga siku ya wa ng'ambo."

"Imepita kwa kauli moja!" akasema Karani Tamba. Ni kweli, kauli ilikuwa moja. Ilikuwa ya Kiboko.

"Mheshimiwa," akasema Nyegere, "huyo ambaye hajawahi kukosa ndiye ninayemwogopea. Mnataka akosee kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote? Mechi tukishindwa, tutacheza nyingine. Mtoto akiuchukia mchezo, mtanipatia wapi mwingine?"

Lakini Kiboko alikuwa ameshazama.

Siku ikafika. Wa ng'ambo wakavuka mto na ngoma zao. Mrushaji wao alikuwa Nyani, mkono mrefu kama kesho. Akachagua ndulele ya kijani. Akaipuliza vumbi. Kichonge akasimama na rungu lake.

Kando ya uwanja wazazi wakasimama wote.

"Kiwiko juu, Kichonge!" akapaza sauti Baba Kichonge.

"Kiwiko chini!" akapaza sauti Mama Kanga, ingawa mtoto hakuwa wake.

"Kunja goti!"

"Tazama!"

"Usitazame, piga!"

Fyuu! Kichonge akapiga usawa wa tumbo, palepale alipozoea. Ndulele ilikuwa imeshapita masikioni. Upepo.

"Kichonge! Nilikuambiaje?"

Fyuu! Ikapita magotini. Upepo.

"Kichongeee! Unaniaibisha!"

Fyuu! Rungu likamtoka mkononi, likaruka, likatumbukia mtoni karibu na Mwenyekiti. Chubwi! Wa ng'ambo wakacheka mpaka ngoma zikawaponyoka.

Kichonge akakimbia. Mbio alikuwa nazo, tusimnyime. Alikipita kichuguu, akaupita umati, akafika shimoni kwao, hapo kando ya uwanja. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso ubaki nje, amwone adui. Kichonge aliingia kichwa kwanza. Hakutaka kumwona mtu.

Kesho yake Mama Kichonge akainama mlangoni. "Mwanangu, toka ule."

"Sili."

"Wenzako wanakuulizia."

"Waambie nimehama."

"Mwalimu anakuita mazoezini."

Sauti ndogo ikatoka chini, "Mimi mchezo nimeacha. Nimeacha kabisa."

Baba Kichonge alikuwa nyuma ya mkewe. Akasikia. Mkia ukashuka polepole, ukalala. Akajaribu kuunyanyua, ukakataa. Siku zikapita, mtoto hatoki ila kunywa maji, na akisikia tu neno ndulele anarudi chini zaidi.

Sasa mzazi mwenye uchungu hutafuta wa kumlaumu, na wa karibu ni mwalimu. Baba Kichonge akaenda uwanjani. Watoto wamekaa chini kama kawaida. Wazazi wako kwenye nyasi kama kawaida. Mama Kichonge naye akafuata, maana alimjua mumewe.

"Mwalimu, umeniharibia mtoto!"

Nyegere hakubisha. Akaokota rungu. "Huenda. Hebu nionyeshe alivyotakiwa kupiga, nisije nikakosea na kwa mwingine."

Mzazi gani hukataa kuonyesha? Baba Kichonge akalipokea rungu, akatanua miguu, akakohoa. Tumbili akaokota ndulele ya kijani.

"Ndugu yangu Tumbili," Baba Kichonge akanong'ona, "taratibu."

"Karanga ziliisha," Tumbili akanong'ona pia.

Fyuu! Upepo.

Basi wazazi kwenye nyasi wakashindwa kujizuia. Mazoea yana tabu. "Kiwiko juu, Baba Kichonge!"

"Kiwiko chini!" akapaza sauti Mama Kanga.

"Kunja goti, mzee!"

"Nyamazeni!" akafoka Baba Kichonge. "Mtu atapigaje na kelele hi..."

Pa! Ndulele ikatua puani.

Mama Kichonge akacheka. Alijaribu kujizuia, hakuweza. Akacheka akikaa, akacheka akisimama, kicheko kikafika mpaka shimoni. Kichonge alikuwa hajasikia kicheko nyumbani siku nyingi. Akatoa pua. Akatoa kichwa. Akamwona baba yake, rungu mkononi, pua imevimba. Fyuu! Baba akapiga. Upepo.

"Baba," akasema Kichonge kutoka mlangoni, "unafumba macho."

"Sifumbi!"

"Unafumba. Kabla haijafika. Hata mimi nilifumba."

"Ulifumba kwa nini? Ndulele haiumi... haiumi sana."

Kichonge akatazama chini. "Sikuogopa ndulele. Niliogopa sauti yako."

Hata vifaranga vya Mama Kanga vikanyamaza, na hilo halijapata kutokea tena.

Baba Kichonge akaliweka rungu chini. Akamtazama Nyegere. "Nifanyeje, Mwalimu?"

"Mimi siwezi kumtoa mtu shimoni kwake. Muulize mwenyewe."

Baba Kichonge akasogea, akapiga magoti mlangoni, kama ngiri wanavyopiga magoti wakila nyasi. "Kichonge. Mchezo unautaka au huutaki? Ukisema huutaki, basi. Sitakulazimisha."

Mtoto akafikiri. "Nautaka. Lakini nitakosa."

"Kosa."

"Nitakosa sana."

"Kosa sana."

"Na nikikosa utasema nini?"

Hapo Baba Kichonge naye akafikiri. Heri angeambiwa apigane na chui. "Sitasema kitu," akasema mwisho.

"Hilo nitalisimamia mimi," akasema Mama Kichonge.

Kichonge akatoka. Akapukuta vumbi. Akaenda akakaa chini na wenzake. Tumbili akarusha, fyuu!

"Imepita wapi?" akauliza Nyegere.

"Juu!" wakajibu watoto, na sauti ya Kichonge ilikuwemo.

Msimu ule akakosa. Msimu uliofuata akakosa. Kamati ikataka taarifa ya maendeleo. Nyegere akajibu, "Anakosa vizuri kuliko mwaka jana." Kamati ikazama, ikaibuka, ikaipokea taarifa kwa shukrani, kwa sababu hakuna aliyetaka kukiri kwamba hakuielewa.

Kisha wa ng'ambo wakarudi. Nyani yuleyule, mkono uleule. Kichonge akasimama. Ndulele ya kijani ikaja, fyuu! Kichonge akaiacha.

"Mbona hakui..." akaanza Baba Kichonge. Mama Kichonge akamkanyaga mguu. Baba Kichonge akang'ata nyasi.

Fyuu! Kichonge akaiacha na hiyo pia. Baba Kichonge akaongeza nyasi nyingine.

Fyuu! Kichonge akageuza kiuno, rungu likazunguka, ta! Ikagongwa. Haikuruka juu, haikuvuka mto. Ilibingirika tu nyasini, kidogo, ikaokotwa upesi. Kichonge hakuwahi hata kufika nyuma ya kichuguu. Ametoka mchezoni.

Akaja mbio upande wa wazazi, pumzi juu, meno yote nje. "Niliiona! Baba, niliiona! Niliiona mpaka kikonyo chake!"

Baba Kichonge akafungua mdomo. Mama Kichonge akashika kifua. Mama Kanga akaviziba vifaranga masikio. Nyegere, asiyemwogopa simba, akageuka pembeni asione.

Baba Kichonge akatema nyasi.

"Una njaa?" akauliza.

"Sana!"

Basi wakaenda kula, baba na mama na mtoto, na njiani mtoto ndiye aliyekuwa akizungumza.

Fundisho ni hili, nanyi wa nyuma msijifanye mmesinzia: mtoto hukomaa kwa msimu wake, si kwa msimu wa baba yake. Ukimrushia zilizoiva tu, siku ya mbichi atafumba macho. Mwache akosee angali mdogo, na akikosa, sauti yako isiwe ndiyo inayomuuma.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo, nami nashuka. Mwenye mtoto na amlishe. Mwenye ushauri, na autafune kwanza.