Tumbo la Mashine ya Mama Sabiha

"Husifiwa mgongo, hukaguliwa tumbo." Mnacheka? Kaeni basi niwaambie usemi huu ulikotoka, maana nilikuwepo, na siku hiyo mtaa wetu wote ulikuwa masikio.

"Hilo dude halivuki kizingiti changu!"

Ndivyo nilivyomkuta Bi Rukaya, mikono kiunoni, amemzuia mlangoni jirani yake Mama Sabiha. Huyo alikuwa amekumbatia mashine ya kufyonza vumbi, nyekundu, inang'aa, aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati.

"Nakuazima kwa wema, unanifukuza kama mwizi!"

"Wema huo umeuanza lini?"

Kesho yake watu wa upande wa mume walikuwa waje kumposa binti ya Bi Rukaya. Ukumbini palitandikwa zulia la sufu aliloachiwa na marehemu mama yake, na jingine hakuwa nalo. Lilijaa vumbi, ufagio umeshindwa.

"Ina nguvu hii," Mama Sabiha akasifu. "Zulia langu la manyoya limekuwa jipya."

"La manyoya," Bi Rukaya akarudia polepole. Alikuwa mfumaji wa vitambaa vya meza, na neno lile halikumkaa vizuri. "Lako nyuzi zimekatwa, zimesimama kama nywele. Langu ni vitanzi, kila uzi umejikunja ukazama tena. Ipindue."

"Unanidhania hasidi!"

"Nakudhania, ndiyo. Ipindue nione tumbo lake."

Sisi majirani tuliokusanyika tukaangua kicheko. Mama Sabiha akaipindua kwa hasira. Chini palikuwa na brashi ya mviringo, nywele zake ngumu kama miiba. Bi Rukaya akachukua kitambaa alichokuwa akikifuma, akakitandaza barazani, akapitisha waya dirishani.

"Washa."

Brashi ikazunguka, ikanasa kitanzi kimoja, na kazi ya siku tatu ikafumuka kabla hatujasema lahaula.

Mama Sabiha akakaa kitako chini. "Wallahi sikujua! Ningekuaibisha mbele ya wakwe." Machozi yakamlenga. Hata mimi, niliyekuwa nimeshaanza kuzipanga habari za kwenda kusimulia, niliona pale hapana hasidi.

Akakimbilia kwake, akarudi na boksi. Mlikuwa na kichwa kingine cha mashine, kipana, laini, kisicho na brashi, hata nailoni hakijavuliwa. Bi Rukaya akakipindua nacho, akakipapasa kwa kidole. Akapunguza nguvu ya kufyonza, akajaribu kwanza pembeni, chini ya kochi. Akainama karibu aliguse zulia kwa pua. Hakuna uzi ulioinuka.

Kufika adhuhuri zulia limetakata. Mama Sabiha akabeba mashine yake aondoke, Bi Rukaya akamshika kanga.

"Unakwenda wapi na wali umeshapakuliwa?"

"Umetia nini humo?" Bado alikuwa na kinyongo.

"Husifiwa mgongo, hukaguliwa tumbo, shoga yangu. Ingia, funua kawa uone kilichomo, tule."