Paka Asiyejiweza wa Bi Kalunde

Mtu mmoja alikuwa na duka la mabati mjini, na mama mzee kijijini. Duka lilimtaka kila siku, mama alimtaka kila Idi, kwa hiyo alikaa dukani. Jina lake Mlekwa. Msimcheke mapema. Alikuwa mtoto mwema kuliko wengi mnaonitazama hapa, na hata kuliko mimi, jambo ambalo sina desturi ya kulikiri mbele za watu.

Kila biashara ilipomnyookea alimkumbuka mama yake, Bi Kalunde. Akamvutia bomba la maji mpaka uani, mama akaacha kwenda kisimani. Akamletea jiko la gesi, mama akaacha kuni. Akamwajiri mwanamke wa jirani, Bi Msimu, apike, afue na afagie. Mama akaacha mwiko, akaacha beseni, akaacha ufagio. Ikabaki kazi moja tu nyumba nzima: uji wa asubuhi wa mumewe, maana mzee yule alikataa katakata kukorogewa na mkono mwingine. Kisha mzee akafa.

Bi Kalunde akakaa eda. Siku ya kuimaliza, wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamtoa nje akae nao. Alikaa mpaka chai ikapoa. Halafu akaingia ndani, akajilaza akiutazama ukuta, wala hakutoka tena.

Bi Msimu akapiga simu mjini. "Kaka, mama yako hali chakula. Vijiko viwili, anasema ameshiba; mikono imebaki mifupa. Ukichelewa utakuja kuzika."

Sasa oneni mtu mwenye nafasi anavyofikiri. Mlekwa hakupanda basi. Aliwaza: mama ni mpweke, nimtafutie wa kumliwaza. Akaenda kwa mama mmoja mfugaji, aliyeuza paka wa ukoo, wale ambao babu zao wameandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Mimi nimewahi kufuga paka kumi na wawili kwa mpigo, nao walipanga foleni ya chakula kama askari, lakini hata mmoja hakujua baba yake ni nani.

Mfugaji alimtolea watatu. Wa kwanza alikuwa wa Siamu, mwembamba, macho ya buluu, msemaji kama dalali. Wa pili alikuwa na manyoya mafupi ya rangi ya majivu, mpole, anajiramba mwenyewe akatakata. Wa tatu alikuwa wa Kiajemi, mweupe, manyoya yanafagia sakafu, pua imebonyea kama aliyefungiwa mlango usoni.

"Kama ni wa mtu mzima, chukua wa pili," mfugaji alisema. "Huyu mweupe hajiwezi. Achanwe kila siku, la sivyo manyoya yanasokotana na kumvuta ngozi. Macho yanamtoka machozi, yafutwe asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu. Samaki wake wachemshwe, watolewe miiba, wasitiwe chumvi wala kitunguu. Maji safi muda wote. Mchanga wake wa kujisaidia usafishwe kila siku. Chanjo asikose, na juani asikae."

Mlekwa akauliza, "Karatasi ya nani ndiyo ndefu?"

"Ya huyu mweupe. Vizazi vitano."

"Basi nifungie huyo."

Ukoo wa Mlekwa mwenyewe, ukimwuliza, ulikuwa unagota kwa babu.

Paka akasafirishwa kwenye kapu, amekabidhiwa kwa utingo wa lori, pamoja na karatasi ya ukoo na maelezo ya mfugaji. Bi Msimu alisoma maelezo yote, akayabandika ukutani, akapiga simu tena. "Kaka, mimi niliajiriwa kumhudumia mama yako. Huyu sultani atajihudumia." Akawa anamtupia ukoko wa ugali na kumwekea maji katika kopo. Zaidi ya hapo hakumgusa. Mlekwa alipouliza, aliambiwa, "Yupo."

Kweli alikuwepo. Siku ya tisa manyoya ya kwapani yalikuwa yamekuwa mafundo magumu, hata kila hatua ilimuuma. Macho yalikuwa yamegandamana kwa tongo. Mchana huo, baada ya adhuhuri, akaanza kupapasa ukuta, akafuata ukuta, mpaka kichwa kikagonga mlango wa Bi Kalunde. Hapo akakaa chini, akalia. Alilia mpaka alasiri ikaadhiniwa.

"Nani mwenye paka huyo?" sauti ikatoka ndani.

"Wako, mama. Mwanao alikuletea, tena nilikuambia."

"Nani anamwangalia?"

Bi Msimu aliyatazama maelezo ukutani. Mwishowe akasema kweli. "Hana mtu."

Bi Kalunde akateremsha miguu kitandani.

Aliomba maji ya uvuguvugu na kipande cha kanga kuukuu. Akafuta jicho moja, taratibu, mpaka likafunguka. Akafuta la pili. Akachukua kitana chake mwenyewe, akaanza kuchana, na mafundo yaliyokataa aliyakata kwa mkasi, kidole chake akikitanguliza baina ya chuma na ngozi. Paka hakumparura. Nani anaparura mkono wa namna hiyo?

"Amekula nini leo?"

"Ukoko."

"Mtoto wa watu!"

Akaenda jikoni kwa kushika kuta. Akawasha jiko ambalo hakuliwasha tangu mzee afe, akachemsha samaki wawili, akawatoa miiba kwa vidole. Kisha, kwa kuwa maelezo yalikataza chumvi, na sufuria ya Bi Msimu hakuiamini, ikambidi aonje. Akaonja. Akakunja uso. Akaonja tena.

"Hiki kweli ni chakula?" akauliza.

Akamtengea paka sehemu yake. Iliyobaki akaitia chumvi, akaikamulia ndimu, akaila yote hali amesimama. Bi Msimu alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Moshi, kwenye jiko la gesi!

Tangu siku hiyo Bi Kalunde aliamka alfajiri, kwa sababu kulikuwa na macho ya kufutwa. Alikwenda gengeni, kwa sababu samaki wa jana hawakufaa, na gengeni watu walimsalimia, akalazimika kuitikia. Alimbeba paka kwenye kapu mpaka kwa bwana mifugo kwa ajili ya chanjo, akarudi na habari za kijiji kizima. Alimzungushia nguzo ya baraza kamba ya katani apate mahali pa kunolea kucha, maana alikwisha kulichana pazia. Lile jina la kwenye karatasi lilikuwa na maneno manne, hakuna aliyeweza kulitamka. Yeye alimwita Mzigo, na alipoliita alikuwa anacheka.

Baada ya miezi miwili Mlekwa akaja, kwa gari, amekasirika. Alikuwa amesikia kwamba mama yake amefanywa mtumishi wa paka. Alimleta na mwanamke mwingine, wa kumhudumia paka peke yake. Akamkuta mama barazani, Mzigo mapajani, kitana mkononi.

"Mama, nisamehe, nilikosea. Nilitaka usipate tabu. Dada huyu atamwangalia, na kama hutaki, nitamrudisha paka mjini leo hii."

Bi Kalunde hakuinua kichwa.

"Mwanangu, umenipunguzia kazi mpaka ukakaribia kunimaliza. Huyu usimguse."

Mlekwa akaitazama mikono ya mama yake, ambayo simu ilimwambia imebaki mifupa, akaona ina nyama. Akayatazama macho yake, nayo yalikuwa yakitafuta fundo, yanalipata, yanafurahi.

Akashukuru. Alimshukuru mfugaji kwa simu, ingawa ushauri wake aliutupa. Alimshukuru Bi Msimu, naye mpaka leo hajui alishukuriwa kwa kosa lipi. Mwisho, akiangalia pembeni ili asionekane, alimshukuru paka. Yule mwanamke aliyekuja naye, Mlekwa alimnywesha chai, akamlipa siku yake, akamsindikiza kituoni. Mlekwa alikuwa na mashati arobaini sandukuni na mjini, lakini aliporudi barazani alisogeza kiti karibu, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Mama, kifungo hiki kimekatika tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne unatembea hivyo, kama huna kwenu! Kalete sindano."

Basi mnaposhukuru, washukuruni waliowapa; hilo hata mimi, niliyeishia darasa la nne, nalijua. Lakini yule asiyejiweza, anayelia mlangoni pako kwa kuwa hana mtu ila wewe, yule aliyekutoa kitandani asubuhi ya leo: umeshamwambia asante?