Nyumba Iliyoambiwa Itembee

Hapo zamani, wala si zamani ya kutosha kutupa nafuu, Mwanaheri alifiwa na mume. Kabla mikeka ya msiba haijakunjwa, shemeji yake, Semhando, alimwambia mbele ya ukoo mzima:

"Shemeji, kaa eda yako kwa amani. Eda ikiisha, ondoka na kinachotembea. Kilichosimama juu ya ardhi ya ukoo ni cha ukoo."

Kinachotembea! Yaani mbuzi na kuku. Nyumba ambayo Mwanaheri alisomba maji ya matofali yake kichwani, hiyo haitembei. Na fungu la mjane, ambalo dini inalitaja waziwazi? Watu wa swala tano wakalisahau kwa pamoja.

Mwanaheri hakulia. Aliuza mbuzi, akaita mafundi uani. "Nijengeeni nyumba inayotembea."

Sengasu, fundi wa kuchomelea, akaunda tela la chuma lenye magurudumu. Zaina, seremala, akasimamisha juu yake chumba cha mbao: dirisha, kitanda cha kukunja, rafu ya vyombo, paa la bati. Trekta la jirani likaivuta kuijaribu. Ikatembea! Vigelegele. Semhando akatabasamu. "Hongera, shemeji."

Kisha kila mtu akatenda wema wake.

Sengasu akavua matairi jua lisiyapasue, akalikalisha tela juu ya mawe. Zaina akaona mjane anapokea wageni kwenye ngazi kama muuza karanga. Akamjengea kibaraza kilichopigiliwa kwenye chumba, nguzo zake akazichimbia chini na kuzimwagia zege. Eda ikaisha. Asubuhi Sengasu akaja na matairi, Zaina na msumeno. Mwanaheri akawazuia: "Wekeni vyombo chini. Wageni wa dua wale kwanza. Nisiondoke kama mwizi."

Wageni wakala pilau. Semhando naye akala, akaomba na ukoko. Akanawa mikono, akasimama.

"Haya, itembee tuione."

Zaina akarukia msumeno.

"Weka chini, binti! Itembee kama ilivyo. Ukikata, unaharibu mali ya ukoo."

Trekta likavuta. Mbao zikalia, nyumba ikabaki palepale.

"Imesimama," akasema Semhando. Jioni ileile mwanawe akaingiza godoro.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Kumgusa Semhando wakaona haya, si mwenzao? Wakaamua: aliyeisimamisha nyumba amjengee mjane nyingine.

"Mimi?" Sengasu akafoka. "Tairi linafungwa mara moja! Zege la Zaina je, linafunguliwa kwa spana?"

"Nguzo ningezikata chai haijapoa," Zaina akajibu. "Nani alisema pilau iliwe kwanza?"

Mwanaheri akawageukia. "Niliwaomba nyumba ya kutembea, mkaifunga miguu. Halafu kosa ni pilau? Ningeondoka bila kuwalisha waliomwombea mume wangu, nyinyi haohao mngeniitaje?"



Haya, mnaosikiliza. Msiniambie ni mila. Mila haina godoro. Mwanaheri amekaa kando ya njia na sufuria zake, anasubiri mtaje jina. Je, nani amjengee: Sengasu, Zaina, au ajijengee mwenyewe? Na mbona wa nne hamthubutu hata kumtaja?