Zamoyoni na Neno Lililomziba Koo

Hapo zamani, zamani ile ambayo arusi ilidumu mpaka wageni wakasahau njia ya kwao, kijijini Magwede aliishi mwimbaji aitwaye Zamoyoni. Alikuwa na mume, Mbaruku, na binti mmoja tu, Siwema.

Siku moja Zamoyoni alikuwa akiimba kwenye arusi ya jirani. Upepo ukavuma, banda likaangukia sufuria ya pilau. Kizee mmoja, mwenye njaa yake, akapaza sauti: "Sauti ya huyu mwanamke ni nuksi!"

Neno likaingia sikioni, lisitoke. Kwanza likakaa kwenye wimbo. Kwenye wimbo likarukia ngoma, maana wimbo na ngoma ni ndugu. Kwenye ngoma likarukia mbuzi, maana ngoma huwambwa kwa ngozi ya mbuzi. Zamoyoni akimwona mbuzi njiani, kifua kinambana, anageuza njia. Mbuzi wa watu, hajamuuma, hajampiga pembe! Mwishowe akaacha hata chai ya maziwa.

Na kuimba ndiyo basi tena.

Sasa Siwema akaposwa. Na pale Magwede, bi arusi hakutoka kwao mpaka mama yake amwimbie mlangoni. Asiyeimbiwa, watu walisema amefukuzwa. Mbaruku akahangaika, akatangaza: "Atakayemfanya mke wangu aimbe, nampa ng'ombe wangu mweusi, yule mtamba."

Akaja Chausiku, shoga yake Zamoyoni.

"Shoga, sema nuksi."

"Silitii kinywani neno hilo!"

"Liseme. Upesi upesi, bila kupumzika."

"Nuksi, nuksi, nuksi..."

"Kaza mwendo!"

"Nuksinuksinuksiksiksi..."

"Sasa unasema nini?"

"Sijui! Kama mtu anapiga chafya!"

Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka. "Umeona?" akasema Chausiku. "Ni mate na pumzi tu." Jioni ile Zamoyoni akanywa chai ya maziwa, akaomba kikombe cha pili. Lakini alipojaribu kuimba, koo likaziba. Neno lilikuwa limelegea, hofu ilikuwa bado ipo.

Akaja Makungu, mpiga ngoma, mdogo wake Mbaruku.

"Shemeji, kila siku unapigana na hofu yako. Nani anashinda?"

"Hofu."

"Basi acha kuifukuza. Huyo ni mgeni wa kujialika. Mpe kigoda akae, anune apendavyo. Ila mwiko asishike, jiko ni lako."

Akaanza kupiga ngoma. "Mgeni kafika?"

"Kafika. Yuko kifuani, anapiga kuliko wewe."

"Mkaribishe. Tuendelee."

Siku zile Zamoyoni akazoea kukaa kando ya ngoma akitetemeka, asikimbie. Kukaa alikaa. Kuimba, hakuimba.

Siku ya arusi ikafika. Siwema akasimama mlangoni, amejifunika. Watu wakangoja wimbo. Zamoyoni haimbi.

"Mwanangu," akanong'ona, "nikikuimbia nikakutia mkosi?"

"Mama, nilipougua surua uliniimbia usiku kucha, na sauti ilikuwa imekukauka. Sikutaka sauti nzuri, nilitaka ya mama. Leo unataka niondoke na nini masikioni?"

Zamoyoni akamtazama binti yake. Akafungua kinywa.

Sauti ilitoka ikitetemeka kama ya huyo huyo mbuzi. Ubeti wa pili akasahau maneno. Upepo nao, bila haya, ukavuma, sinia zikaanguka kwa kishindo. Watu wote wakamgeukia yule kizee. Zamoyoni akameza mate, akashika ubeti wa tatu, akauimba mpaka mwisho. Vigelegele vikapasua anga, na Siwema akatoka kwao akilia na kucheka.

Hata machozi hayajakauka, ugomvi ukaanza.

"Mtamba ni wangu," akasema Chausiku. "Asingeweza kuimba na neno lile limemkaba. Nani alilivunja meno?"

"Neno lilivunjika, mbona hakuimba?" akajibu Makungu. "Mimi nilimfundisha kuimba na hofu yake ikiwa imekaa pale pale. Sinia zilipoanguka, mliona akikimbia?"

Siwema naye akarudi kutoka njiani, na hina yake mikononi. "Shoga yake alimchekesha, baba mdogo akamkalisha, na mlangoni bado alinyamaza. Nani alimpa sababu ya kufungua kinywa?"

"Niacheni nami niseme," akasema Zamoyoni. "Maneno yenu yote matamu. Lakini aliyetetemeka ni nani? Koo lililoimba ni la nani? Mtamba wangu!"

Mbaruku akatabasamu. "Naona mke wangu ana haki."

"Lazima uone," akafoka Chausiku. "Akimpata yeye, ng'ombe hatoki zizini kwako!"

Wakabishana mpaka pilau ikapoa, na hakuna aliyemfungua mtamba kamba. Haya, ninyi mliokaa hapa mkinitolea macho, waamulieni watu hawa: Chausiku, Makungu, Siwema, au Zamoyoni mwenyewe? Je, nani alistahili?