Kuti la Mbaruku

Kuti hufungwa kabla ya moshi. Nimewaona mkicheka nilipomwambia hivyo mjomba wenu anayesitasita kudai haki yake. Chekeni, lakini mkimaliza nisikilizeni, maana msemo huu una mwenyewe, na ulianza hivi.

Palikuwa na fundi wa paa akiitwa Mbaruku. Mkandarasi mmoja, Shebwana, alipewa kazi ya kumjengea nyumba mjane Bi Mwanamkasi, naye akamwita Mbaruku aezeke. Mbaruku akachukua boriti kwa mkopo, akaweka rehani shamba aliloachiwa na mama yake. Paa likasimama, likapendeza. Malipo je? Kila akienda, Shebwana humwambia kesho.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Fundi asiyelipwa alikuwa na haki ya kufunga kuti kavu mlangoni mbele ya jumbe, na hapo nyumba haihamiwi wala haiuzwi mpaka alipwe. Ila moto wa kwanza ukishawashwa jikoni, haki hiyo imekufa. Fundi atabaki kumfukuzia mkandarasi wake. Mbaruku aliyajua yote hayo, lakini haya zilimshika. Bi Mwanamkasi alikuwa akimpikia uji kila asubuhi ya kazi. Amfungie kuti mtu kama huyo? Mkewe alimsema mpaka akachoka. Uungwana gani huo, jamani, wa kupoteza shamba la mama yako?

Siku ya kuhamia ikafika, na habari zikamfikia Mbaruku kwamba Shebwana amehama mji na vyombo vyake vyote. Akachomoa kuti uani, akampitia jumbe, wakaenda mbio, mzee wa watu kanzu kaishika mkononi. Walipofika, wanawake walikuwa wakiimba, na dada wa Bi Mwanamkasi yuko kizingitini na kigae cha makaa. Mbaruku akajipenyeza mbele yake. Akaanza kufunga kuti mlangoni, fundo la kwanza likafyatuka. La pili likashika.

Nyimbo zikakatika.

"Mbaruku, mwanangu, unaniaibisha mbele za watu?" akauliza Bi Mwanamkasi. "Shebwana nimemlipa. Limebaki fungu la mwisho tu."

"Najua, mama, na mimi naona haya kuliko wewe. Lakini Shebwana kaondoka na fedha zako, paa langu kaliacha hapa."

Jumbe akauliza kama moto umeshaingia ndani. Yule dada akatazama makaa yake, akasema bado.

"Basi kuti limefungwa," akasema jumbe. "Fungu la mwisho ni la fundi."

Bi Mwanamkasi alilia kwa uchungu, lakini kasha akalifungua. Fungu lile likamtosha Mbaruku, likaisha. Jumbe akalikata kuti, wanawake wakaingia, moto ukawashwa. Mbaruku akaketi barazani, roho imemtua. Shamba la mama limepona.

Mara akatokea Mshangama, fundi wa lipu wa nyumba ileile, anahema, na yeye kuti kwapani. Alikuwa hajalipwa hata kidogo. Naye pia, akasema, alikuwa akimwonea haya mjane.

Jumbe akamwonyesha juu tu, moshi ukipenya kwenye paa jipya. Mbaruku alishindwa kumtazama mwenzake usoni.

"Kaka," akamwambia polepole, "kuti hufungwa kabla ya moshi."