Kokoto za Twiga, Kokoto za Duma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, kilibaki kisima kimoja. Wanyama wa bondeni wakakitaka. Nyani wa mlimani wakakitaka. Wakaafikiana wacheze mpira wa kikapu mpaka kivuli cha mgunga kiguse kisima. Washindi wanywe. Walioshindwa waende mto wa mbali, mwendo wa siku mbili. Wakitoka sare, wagawane.

Nguchiro alichezea timu ya bonde. Mdogo, miguu mifupi. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka. Siku mbili ni nyingi, alijua.

Bonde lilikuwa na mabingwa wawili. Twiga akipewa mpira, chwa! Kapuni. Lakini kurudi kukaba hataki, anasimama kule kule anatafuna majani. Duma naye akikimbia, fyuu! Kila mpira anapokonya. Lakini kumpa mwenzake? Thubutu!

Watazamaji wa bondeni walikuwa na kazi moja: kubishana. Wakamweka Kobe ahesabu kwa kokoto. Twiga akifunga, kokoto huku. Duma akifunga, kokoto kule.

"Twiga bora!"

"Nyamaza! Huyo mlingoti tu. Bingwa ni Duma!"

Du, du, du! Mpira ukadunda. Nguchiro akampa Twiga. Chwa! Kokoto huku. Duma akapokonya, akaenda peke yake. Chwa! Kokoto kule. Akaenda tena peke yake, nyani wanne wakamzunguka.

"Duma, nipe!" Nguchiro akalia.

Hakutoa. Akanyang'anywa. Nyani akampa nyani, nyani akampa nyani, chwa! Na Twiga? Kule kule, anatafuna.

Kivuli kikakaribia kisima. Nguchiro akamkimbilia Kobe, anahema.

"Babu, tuko wapi?"

"Twiga tisa, Duma tisa! Mjukuu wangu, leo kuna mchezo!"

"Na nyani?"

Kobe akaingiza kichwa gambani. "Nyani hatukuwahesabu."

Nguchiro akatazama upande wa pili. Nyani walikuwa na fungu moja tu. Kokoto kumi na tisa.

Akawaka. Akayapiga teke mafungu ya Kobe, yakachanganyika. "Tumepitwa moja! Moja tu! Na ninyi mnapiga vigelegele!"

Akarudi mbio. Duma alikuwa na mpira. Twiga alikuwa chini ya kapu, hana wa kumkaba.

"Mpe Twiga!"

"Duma, la kumi! La kumi!" watazamaji wakaimba.

Duma akarusha mwenyewe, kwa mbali. Pu! Mpira ukaangukia vumbini. Kivuli kikagusa kisima.

Njiani kwenda mtoni, bado walibishana. Fisi akamwuliza Nguchiro, "Dada, wewe uliyecheza nao, nani bora?"

"Twiga mvivu, lakini nilipompa mpira alifunga. Duma hodari, lakini alichoshika kilikuwa chake. Nikichagua, namchukua mvivu. Ila ninyi ni wabaya kuwashinda wote wawili! Mlihesabu mabingwa, hamkuhesabu maji."

Nguchiro alitoka na watoto watatu. Mtoni alifika na wawili.

Basi jueni, wadogo kwa wakubwa: bingwa hupimwa kwa walichopata wenzake, si kwa sifa zake. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kubishana nani bora, kwanza awatekee watoto maji.