Mashine ya Getini kwa Bwana Tembo

Hapo zamani za kale, na wewe uliyejilaza huko inuka maana sitarudia, Tembo alikuwa na shamba la mkonge. Masikio makubwa yote yale, na kusikiliza hajui.

Siku moja akaleta mashine ya mahudhurio, akaisimika getini. Hakumuuliza mkata mkonge yeyote, hakumuuliza hata Nguchiro, karani wake. Ukiikanyaga, ikikutambua, inalia, "Tii!" Asiyetambuliwa siku tatu, kazi hana, nyumba ya kambini hana. Tembo mwenyewe aliikanyaga siku ile ilipofika tu, apigiwe makofi.

Sasa kwato za Mama Digidigi nyembamba kama njiti. Kesho yake akakanyaga. Kimya. Keshokutwa, kimya. Siku ya tatu akakanyaga mpaka vumbi likatimka. Kimya!

"Karani, mwanangu ana surua. Tukitolewa kambini leo, nitamlaza wapi?"

"Nimemwambia bwana mara mbili," Nguchiro akanong'ona. "Kasema mashine haikosei, nakosea mimi. Kakate mkonge, shemeji. Niachie."

Krrr, krrr! Mashine ikatema karatasi ya watoro. Nguchiro akaisoma, akaikunja, mbio ofisini.

"Bwana mkubwa, watoro hawa hapa. Ila kambini wanasema utafukuza wanyonge tu."

"Nani kasema?" Tembo akapiga meza, pwaa!

"Wanasema mwenye pembe humgusi."

"Hata awe na pembe! Hata awe wa ukoo wangu!"

"Basi tia mhuri, bwana. Au utasoma kwanza?"

"Nisome nini? Si mashine imesema?" Puu! Mhuri ukashuka.

Nguchiro akampelekea karatasi Kifaru, askari wa geti, ambaye kichwa chake kina nafasi ya amri moja kwa siku. Wafanyakazi wakaitwa. Tembo naye akaja kutazama. Mama Digidigi akasimama na mtoto mgongoni, anaungua kwa homa.

Kifaru akasoma: "Wa kwanza, Tembo! Siku tatu hayupo. Vyombo nje!"

"We Kifaru! Si unaniona nimesimama hapa?"

"Nakuona, bwana. Mashine haikuoni."

"Mimi ndiye niliyeileta!"

"Mhuri huu wako?"

"Wangu, lakini..."

Kifaru akainamisha pembe. Hatua. Hatua nyingine. Tembo akarudi kinyumenyume mpaka makalio yakagonga geti, gwaa!

"Karani! Mwambie!"

"Nimwambie nini, bwana? Mimi si ndiye ninayekosea?"

"Nguchiro, nakuomba!"

"Basi ichane mwenyewe. Yote, na jina la Mama Digidigi limo humo."

Tembo akaichana vipande vipande. Kifaru akainua kichwa, akarudi kwenye kigoda chake.

"Na mashine?" Tembo akauliza, sauti ndogo.

"Tutakaa sisi tunaoikanyaga, tuchague inayotufaa. Wewe kazi yako kuibeba."

Tembo akakubali: "Haya."

Ndiyo hayo, wajukuu zangu: jembe halichaguliwi na asiyelima.